Kutoka Kariakoo hadi Rangi Tatu, kuisaka hamu iliyopotea

KAMA hujawahi kusimama kona ya Msimbazi na Uhuru siku ya Ijumaa saa 11 jioni, basi Kariakoo bado hujaijua, unaisikia tu. Hapo mji mzima unakuja kununua na kuuza, na vinavyouzwa si mashati na sufuria peke yake. Kuna jamaa wa mkokoteni wa mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga mbichi, kazungukwa na wanaume tupu. Wanatafuna kimya kimya, kila mmoja anajifanya ana njaa tu. Hatua chache mbele kuna supu ya pweza, foleni ndefu kuliko ya benki. Halafu chini ya mwamvuli yupo mzee wa dawa na spika yake. Anataja maradhi yote ya mwili kwa pumzi moja, kuanzia mgongo mpaka jicho, na akifika penyewe anashusha sauti: nguvu, hamu, heshima ya ndoa.

Mpenzi msomaji, mimi sikwenda pale kununua. Najua kila mtu anasema hivyo, lakini naomba uniamini. Ilikuwa mwaka 2023, Soko Kuu lililoungua Julai 2021 bado limezungushiwa mabati ya ujenzi, na mimi nilikuwa namsindikiza mshikaji wangu, jina kapuni. Tumesoma wote, harusi yake nilikuwa bestimani. Anauza kwenye duka la mabegi mitaa ile ile ya Kariakoo, ana miaka 34, mke mmoja, watoto wawili, wa mwisho ana miezi 8.

Wiki moja kabla alikuwa amenifungukia. Tulikuwa tunakunywa soda, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Mwenzio siku hizi sina habari." Nikamuuliza habari gani. "Habari ya nyumbani. Usidhani inakataa. Ikiamua inasimama vizuri tu. Ila sitaki. Naona kama ni kazi nyingine nimeongezewa baada ya kazi."

Miezi minne, akaniambia. Na mkewe si mtoto mdogo. Alianza kupekua simu, akahamia kwenye mifuko ya suruali, mwisho akafikia hitimisho ambalo mwanamke yeyote wa mjini angelifikia: kuna kidumu mahali. Akapiga simu kwao Kilwa. Wazee wakapanga kuja Dar Jumapili ya wiki inayofuata, kikao. Na kama kikao hakitaeleweka, anaondoka na watoto.

Sasa hebu jiweke kwenye viatu vya jamaa. Mbele ya baba mkwe, kwenye mkeka, utasema nini? "Mzee, sina kidumu, ila binti yako simtamani"? Au utakiri kidumu usichokuwa nacho, maana angalau hicho kinaeleweka? Aliniapia kwamba hilo la pili alikuwa analifikiria kweli kweli. Ndiyo maana tukawa pale chini ya mwamvuli.

Mzee wa dawa hakuuliza mengi. "Kijana, shida yako nini?" Jamaa akasema kwa sauti ndogo, hamu hamna. "Ndiyo hiyo hiyo," mzee akajibu, akamshikisha pakiti ya unga wa kahawia. Nikasogea pembeni nikajifanya nasubiri mtu. Kwa nusu saa nilihesabu wateja watano. Mmoja inagoma, mwingine anawahi kumaliza. Wa tatu mkewe anarudi safari kesho, anataka kujipanga. Wa nne hakusema lolote, alinyoosha hela tu. Wa tano ndiye wangu. Wote watano, unga ni ule ule mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro, hata kabla sijaongea na daktari yeyote. Maana hamu ni kitu kimoja na nguvu ni kitu kingine. Hamu inaanzia kichwani, ni kule kutaka. Nguvu ni kazi ya damu na mishipa. Unaweza kutaka mwili ukagoma, na mwili unaweza ukawa tayari huku wewe hutaki, kama huyu wangu. Hata ile Viagra iliyoruhusiwa kuuzwa Marekani Machi 1998 na kuushangaza ulimwengu, kazi yake ni kufungua njia ya damu. Kama kichwani hakuna kitu, inasubiri. Haileti hamu, na wenyewe walioitengeneza hawajawahi kusema inaleta.

Tena kuna la hatari zaidi. Unga na vidonge vingi vinavyouzwa duniani kwa jina la "asilia" vimepimwa na kukutwa vimechanganywa kwa siri na dawa hiyo hiyo ya Viagra. Mamlaka ya dawa ya Marekani inayo orodha ndefu ya bidhaa za namna hiyo. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akibugia unga wa aina hiyo bila kujua, presha inaweza kuporomoka ghafla, na hiyo inaweza kuua. Ule wa Kariakoo sijui una nini. Mzee mwenyewe sidhani kama anajua.

Jamaa akalipa, pakiti ikaingia mfuko wa shati. "Twende nyumbani, ukale," akaniambia. Nami nikakubali, na nashukuru nilikubali, maana dawa niliyokuwa naitafuta Kariakoo, ugonjwa wake ulikuwa Barabara ya Kilwa.

Wenyewe wa Mbagala watanielewa. Kupata daladala ya Rangi Tatu jioni ile ilikuwa mchezo wa mieleka. Njia ya mwendokasi ilikuwa imeshajengwa katikati ya barabara, saruji safi kabisa, tupu, mabasi hayajaja, na sisi pembeni tumebanana tunaitazama kama watoto wanaotazama biskuti dukani. Tuliingia dirishani kwa kusukumwa. Mpaka tunafika Mtoni kwa Aziz Ali, saa nzima ilikuwa imekatika na jua limezama. Nikageuka kumsemesha mwenzangu. Kalala. Wima, mkono kwenye bomba, mdomo wazi. Konda akapita akamgusa bega taratibu, akachukua nauli mkononi mwake bila kumwamsha. Wanajuana.

Nikaanza kupiga hesabu. Jamaa anaamka saa 10 alfajiri, maana akichelewa zaidi foleni itamla na duka linafunguliwa saa 1. Anafunga saa 11, siku nyingine saa 12. Anafika kwake saa 3 usiku, saa 3 na nusu. Anaoga, anakula, anasikiliza kesi za watoto, anashika simu kidogo ili ajisikie na yeye ni mtu. Kichwa kinafika kwenye mto saa 6. Toka saa 6 mpaka saa 10 ni saa 4. Miaka mitatu sasa.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majibu ya jaribio moja dogo. Walichukua vijana wa kiume 10, wazima, wastani wa miaka 24, wakawalaza saa 5 tu kwa usiku kwa siku 8. Homoni ya kiume, testosteroni, ikashuka mchana kwa asilimia 10 mpaka 15. Vijana 10 si umati, nakubali. Lakini hao ni vijana waliolala kwenye kitanda cha maabara, tena saa 5. Wangu analala 4. Homoni hiyo kwa mwanamume hutengenezwa zaidi usingizini, ndiyo maana inakuwa juu asubuhi. Asiyelala analima bila mbegu.

Tulipofika Mtongani simu yake ikaita. Akaamka kama kapigwa shoti, akaangalia namba, akaibonyeza ikanyamaza. Ikaita tena. Akaizima kabisa. "Kausha damu," akasema. Kwa usiyejua, hiyo ni mikopo ya haraka haraka ya mitaani na ya simu, riba yake haina huruma, na ukichelewa wanakupigia wewe, shemeji yako, bosi wako na kila aliyemo kwenye simu yako. Alikopa ili alipe kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, kama wenye nyumba wetu wanavyotaka.

Mwili wa binadamu, msomaji wangu, haujui tofauti ya simba na mdai. Ukiogopa, unajiweka tayari kukimbia: moyo unadunda, homoni za hofu zinapanda, na yale yote yasiyo ya lazima kwa wakati huo yanawekwa kando. Tendo la ndoa ni la kwanza kuwekwa kando. Mtu hawezi kukimbizwa na simba huku anawaza mapenzi. Basi fikiria mtu ambaye simba wake anapiga simu mara sita kwa siku.

Tulishuka Rangi Tatu na jasho la watu wengine mwilini. Pale kituoni usiku ni kama mchana: samaki wa kukaanga, mitumba kwenye turubai, muziki kutoka kila upande na bodaboda zinazopita katikati ya miguu. Kwenye genge moja jamaa akanunua nyanya, akaongeza na kichupa kidogo cha kinywaji kikali, akakimaliza kabla hatujafika kona. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku mwaka 2017, tukadhani yameisha, kumbe vichupa vimerithi nafasi. "Cha kuondoa uchovu," akaniambia. Nilinyamaza. Pombe kidogo huondoa aibu, ndiyo sifa yake. Ya kila siku inashusha homoni ile ile ya kiume na kuuharibu usingizi ule ule mchache uliobaki.

Sasa njoo kwenye nyumba yenyewe. Hii ni nyumba yetu ya Kiswahili unayoijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Chumba cha jamaa ni cha pili kushoto. Kitanda cha tano kwa sita, kabati, jiko la gesi, na pazia la maua linalokata chumba sehemu mbili. Nyuma ya pazia kuna godoro la mtoto mkubwa wa miaka 5. Kitandani wanalala baba, mama na wa miezi 8. Na juu, ukiinua macho, hakuna dari. Kuta zimeishia usawa wa mlango na kidogo, halafu ni mbao na mabati kwa nyumba nzima.

Nilikaa pale nikamsikia jirani wa chumba cha tatu akikohoa, nikasema "pole" bila kufikiri, na yeye akajibu "ahsante." Hivyo ndivyo watu wanavyoishi. Kitanda kikilia, korido nzima inajua. Mtoto akigeuka nyuma ya pazia, mchezo umekwisha. Mimi sioni ajabu mtu kukosa hamu mle ndani, naona ajabu kwamba wale watoto wawili walipatikana.

Jamaa akaenda uani kuoga. Shemeji alikuwa barazani, mtoto ziwani, pembeni yake bibi mmoja wa chumba cha mbele, mtu wa makamo hasa, aliyekuwa kungwi siku zake na bado anachezesha wali pale mtaani wakihitajika. Bibi hakunizungusha.

"Wewe ndiye rafiki yake?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mwambie mwenzio, huyu mtoto anajua hana mwanamke wa nje. Mwanaume mwenye mwanamke wa nje huoga kabla hajarudi nyumbani. Yule wenu ananuka daladala."

Shemeji akacheka, kisha akafuta jicho kwa ncha ya khanga. Nikamuuliza, kwa utani wa shemeji, kama kweli anajua hivyo wazee wa Kilwa wanakuja kufanya nini. Akamtazama mtoto, hakunitazama mimi.

"Shemeji, mimi nimechoka tu. Naamka saa 9 nikaange maandazi, yeye saa 10 anaondoka. Huyu ananyonya usiku kucha. Yeye akigeuka kitandani moyo unanidunda, naomba Mungu isiwe leo. Halafu isipokuwa leo nalia, nasema hanitaki."

Ilinibidi niirudie kichwani ile sentensi. Miezi minne mume anajificha mke asijue kwamba hataki, na mke anajificha mume asijue kwamba hataki. Kila mmoja anajiona yeye ndiye aliyeachwa. Na katikati yao pakiti ya unga wa kahawia kwenye mfuko wa shati.

Kwa upande wa shemeji mambo hata hayakuwa na fumbo. Mama anayenyonyesha, homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, inakuwa juu, na ile ya kike, estrojeni, inashuka. Hamu inapungua, uke unakuwa mkavu, tendo linauma. Na ukiumia leo, kesho hutamani kurudi palepale, iwe jiko au kitanda. Hiyo ni hali ya mwili, haina uhusiano na upendo, na inapita mtoto akiachishwa au akipunguza kunyonya. Alikuwa pia anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Wapo wanawake wanaosema sindano au vidonge vinawapunguzia hamu, wengine hawaoni tofauti yoyote. Anayehisi hivyo njia zipo nyingi, amwone muuguzi wabadilishe. Asiache tu kimya kimya, maana mtoto wa tatu kwenye kile chumba hajui atalala wapi.

Bibi naye akaongeza lake. "Sisi unyagoni tuliwafundisha wasichana kumpendeza mume siku saba. Hakuna siku hata moja tuliyowafundisha kusema nimechoka." Akatema pembeni. "Na mwanamke si taa, useme utabonyeza iwake. Mwanamke ni jiko la mkaa. Unapepea, unangoja."

Nimekuja kusoma baadaye kwamba daktari mmoja wa Canada, Rosemary Basson, aliandika karibu hayo hayo mwaka 2000: kwamba kwa wanawake wengi walio kwenye ndoa ya muda mrefu hamu haitangulii, inakuja baada ya kuguswa, kusemeshwa na kutulizwa. Anayekaa akingoja hamu ishuke yenyewe kama mvua anaweza kungoja mwaka na akadhani ni mgonjwa. Wazungu wakampa sifa zake, anastahili. Bibi wa Rangi Tatu hajapewa chochote.

Jumatatu nikamkokota jamaa kwa daktari ninayemfahamu. Alikuwa mkali, hataki, anasema ataonekana hanisi. Nikamwambia chagua, daktari mmoja mlango umefungwa, au wazee saba mlango wazi.

Daktari alimuuliza swali moja lililonifanya nimheshimu. "Humtamani mkeo, au humtamani mtu yeyote?" Jamaa akawaza. Akasema yeyote, hata wale wa kwenye simu, anawapita. Daktari akaandika. Maana kama mtu anatamani nje na nyumbani hatamani, mambo ni ya ndoa: kuna ugomvi, kinyongo, jambo halijasemwa. Kama hamu imekatika kila upande, anaangalia mwili na maisha kwa ujumla. Akamuuliza na la asubuhi, akiamka mwili unakuwaje. Uko sawa, siku moja moja. Basi bomba na mishipa ni vizima.

Halafu akamsomesha orodha ya wezi wa hamu, na ni ndefu kuliko nilivyodhani. Kisukari kimo, tena kinaiba hamu na nguvu vyote viwili, na wengi hukigundua kupitia mlango huo wa chumbani. Baadhi ya dawa za presha zimo. Sonona imo, ule unyonge wa moyo unaomfanya mtu asifurahie chochote, si mpira, si chakula, si mke. Na cha kusikitisha, baadhi ya dawa za kutibu sonona, kama fluoxetine, nazo zinapunguza hamu, ila dawa kubadilishwa inawezekana na kuiacha ghafla ni hatari. Tezi ya shingoni ikilegea mwili wote unalala. Upungufu wa damu, Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, uvimbe mdogo kwenye tezi ya ubongo unaopandisha prolaktini hata kwa mwanamume: vyote vimo. Ndiyo sababu anapima kwanza kabla ya kutoa kitu.

Akampima sukari, presha, damu. Testosteroni akamwambia aje asubuhi, kabla ya saa 4, kwa sababu jioni kipimo kinadanganya, na kikitoka chini kinarudiwa siku nyingine kabla mtu hajaitwa mgonjwa. Majibu yalipotoka yote yalikuwa sawa, isipokuwa presha iliyokuwa imepanda kidogo. Jamaa akauliza, "Kwa hiyo sina kitu?" Daktari akamjibu kwamba anacho: hana usingizi, ana deni na chupa ndogo kila jioni. Na akamwambia pia kitu ambacho wengi hatuambiwi. Kama hamu ya mtu ni ndogo na yeye na mwenzake wameridhika hivyo, huo si ugonjwa, hakuna aliyeweka idadi ya mara kwa wiki. Linakuwa tatizo pale mmoja anapoumia.

Jumamosi usiku bibi kungwi akachukua watoto wote wawili kwenye chumba chake. Mtoto mdogo alikamuliwa maziwa kwenye kikombe. Sikuwepo, lakini jamaa alinisimulia Jumapili, na alinisimulia kwa aibu kama mtu aliyevunja sheria: walizungumza mpaka saa 4. Yeye akasema la kwake, mke akasema la kwake. Wakacheka sana, jirani wa chumba cha tatu akagonga ukuta. Halafu wakalala. Kulala kwenyewe, usingizi, mpaka saa 2 asubuhi. Basi.

Kikao kilifanyika hata hivyo, maana wazee walishalipa nauli. Walikula pilau, wakaambiwa yameshamalizwa ndani, wakakubali kwa haraka ya watu waliokuwa wanaogopa kusikia maelezo. Ila baba mkwe alikitazama kile chumba, akaitazama ile sehemu ambayo ingekuwa dari, akasema: "Njooni Kivinje siku kumi. Na wewe bestimani uje, una maneno mengi mjini hapa."

Ni barabara ile ile ya Kilwa, msomaji. Ukiifuata kusini isipoishia Rangi Tatu inakwenda zaidi ya kilomita 200, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unafika Nangurukuru, unakata kushoto. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani wa biashara, Wajerumani walijenga boma lao pale, na huko ndiko walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Leo ni kimya. Magofu ya mawe, mikoko, mashua zilizoegama maji yakitoka. Simu inashika ukitaka, na ukitaka haishiki. Jamaa aliitaka isishike.

Nyumba ya baba mkwe ni ya zamani, kuta za matumbawe nene kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Unaweza kupiga ngoma chumba cha kwanza wa chumba cha pili asiamke. Siku tatu za mwanzo jamaa alilala tu. Analala usiku, anakula samaki, analala mchana, anaamka kuswali, analala. Nikamwona rangi ya uso inabadilika. Siku ya nne nikawaona wawili hao wanatembea ufukweni, hawajashikana, lakini wanagongana mabega.

Siku ya sita chai iliandaliwa saa 1 kama kawaida. Wao walitokea saa 4, wameoga wote wawili. Mama mkwe akawaongezea maandazi. Baba mkwe akaangalia saa, akaendelea na uji wake.

Nisikudanganye kwamba mambo yakaisha hapo. Siku kumi zilikwisha, tukapanda basi, na tulipofika Rangi Tatu kitu cha kwanza kulia ilikuwa ile simu. Foleni ipo, dari haipo. Ila jamaa aliomba kwa bosi wake awe anafungua duka kwa zamu na mwenzake, siku tatu yeye, siku tatu mwenzake, na siku asizofungua anatoka nyumbani saa 1. Deni wamelipunguza kwa kuuza kabati, nguo sasa ziko kwenye mabegi, na mabegi anayapata kwa bei ya jumla. Jumamosi moja moja bibi kungwi anakuja kuwachukua watoto, na analetewa sukari kilo moja kwa huduma hiyo. Shemeji kabadilisha siku za maandazi. Jamaa ananiambia si kama zamani, lakini si kama mwaka ule.

Ile pakiti ya unga aliniachia mimi. Ipo kwenye droo ya meza yangu ya kazi, haijafunguliwa, na mpaka leo wenzangu wawili wameshanijia kwa zamu, kila mmoja kwa siri, kuniuliza kama bado ninayo.